Mtoto wa Mbwa Hauzwi Wiki ya Tano

Wanachuo wenzangu, tuanze na utani ili tuumalize. Mimi ni Mhehe, nasoma ualimu hapa Iringa, na makala hii inahusu mbwa. Najua mnachotaka kusema. Semeni, chekeni, kisha turudi kwenye mada.

Mada ni siku ya mfugaji mdogo wa mbwa, yule mwenye majike wawili watatu nyuma ya nyumba, anayezalisha na kuuza watoto. Naandika kwa sababu bumu likikata, kila geto ninaloingia namkuta mtu anapiga hesabu ileile: jike mmoja, watoto wanane, kila mtoto laki mbili na nusu, tayari milioni mbili. Mara mbili kwa mwaka, milioni nne. Chakula ni makombo ya mama lishe. Hesabu hiyo niliipiga hata mimi, tena kwa kalamu, nyuma ya daftari la Saikolojia ya Elimu. Nilikuja kuona kosa lake Uyole, Mbeya, nilipokuwa BTP mwaka jana.

Mjomba wangu anakaa Uyole. Ni dereva wa lori, anabeba mzigo kutoka Dar hadi Kongo, na akifika foleni ya Kasumbalesa unaweza kukaa wiki nzima ukimpigia na jibu ni moja tu: "Bado." Nyumbani ana majike wawili wa jemani shepadi, mmoja anaitwa Bibi, mwingine Watasema. Nilipopangiwa shule ya jirani niliomba nikae kwake nisilipe chumba. Alikubali kwa sharti moja. Watasema alikuwa na mimba ya wiki ya nane, yeye anasafiri, na anti, yaani mke wake, anauza viazi sokoni na hutoka nyumbani gizani. Kwa hiyo mbwa ni wangu.

Nyuma ya mlango wa stoo alikuwa amebandika karatasi. Siku ameigawa kwa saa, wiki amezigawa kwa kazi. Sisi tunaosoma ualimu tunasumbuliwa na azimio la kazi na andalio la somo mpaka tunaota. Ile karatasi ya dereva wa lori ilikuwa na malengo, zana, muda, na hata sehemu ya tathmini. Niliipiga picha kwa simu, nikaisoma nusu, nikaona ni mambo ya mbwa tu.

Kabla hawajazaliwa

Mimba ya mbwa ni takriban siku 63. Jike huingia joto kama mara mbili kwa mwaka, na hapo ndipo watu wanapopata ile milioni nne. Lakini mjomba hampandishi jike joto la kwanza, kwa sababu mwili bado unakua, na akishazaa humpumzisha joto linalofuata. Mara mbili imeshakuwa mara moja.

Kisha kuna suala la dume. Jemani shepadi wengi anaowafahamu Mbeya mjini ni ndugu, mtoto wa fulani na mjukuu wa fulani, na ugonjwa wa nyonga ambao mbwa wa mbegu hii wanajulikana nao hurithiwa. Ukipandisha ndugu kwa ndugu unaurudisha nyumbani kwa mikono yako. Ndiyo maana alimsafirisha Watasema hadi Ipogolo, hapa Iringa, kwenye dume la dereva mwenzake. Malipo hayakuwa pesa. Kwa utaratibu wao mwenye dume huchagua mtoto mmoja, na huchagua wa kwanza. Kwa hiyo kabla mbwa hajazaa, mtoto mmoja ana mwenyewe.

Kuanzia siku ya 58 nilitakiwa kumpima joto asubuhi na jioni, kwa kipimajoto kinachoingizwa nyuma, na ndiyo, nilikuwa navaa tai ya kwenda kufundisha huku nimeshika mkia wa mbwa. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39. Likishuka chini ya 37 na kidogo, kwa kawaida atazaa ndani ya saa 24. Jumanne moja katikati ya Julai nilisoma 36.9. Usiku huo walizaliwa saba.

Saa kumi na moja alfajiri

Aliyewahi kulala Uyole mwezi wa saba anaijua ile baridi inayopenya blanketi. Mtoto wa mbwa wiki zake za kwanza hawezi kujipasha joto, hata kutetemeka hajui. Anategemea mwili wa mama, miili ya ndugu zake, na boksi. Ndani ya boksi wiki ya kwanza panatakiwa nyuzi kama 30. Mjomba hutumia balbu ya zamani, ile inayochoma mkono, na umeme ukikatika anaweka chupa za maji ya moto zilizoviringishwa taulo. Jiko la mkaa ndani ya chumba amelipiga marufuku kwa herufi kubwa, kwa sababu hewa yake inaua mbwa na inaua na wewe mlezi.

Karatasi ilisema chupa zibadilishwe saa tano usiku, saa nane, na saa kumi na moja. Usiku wa tatu umeme ulikatika. Nilikuwa na kipindi cha kidato cha pili asubuhi na msimamizi anakuja, nikaandika andalio kwa tochi ya simu mpaka saa sita, nikajiambia saa nane nitaamka. Sikuamka. Saa kumi na moja nilimkuta mmoja amesukumwa pembeni, wa baridi kama jiwe la mtoni. Watasema alikuwa anamlamba bado. Basi tukabaki na sita.

Kuanzia hapo sikuikosa saa hata moja. Kazi ya kwanza alfajiri ilikuwa kuwahesabu, kisha kumpima kila mmoja kwenye mzani mdogo wa jikoni na kuandika. Mtoto mwenye afya huongezeka uzito kila siku, na ndani ya siku kama kumi hufikisha mara mbili ya uzito aliozaliwa nao. Asiyeongezeka siku moja unamwangalia. Asiyeongezeka siku mbili humsubirishi ya tatu. Unamweka kwenye chuchu za nyuma, ambazo kwa kawaida ndizo zenye maziwa mengi, na unamzuia ndugu yake mbabe. Kuna watoto wababe, jamani. Hata darasani nilikuwa nao.

Jambo ambalo sikulijua: mtoto wa mbwa wiki mbili hizo hata kukojoa hawezi mwenyewe. Mpaka mama amlambe tumboni. Mama akiwa mgonjwa au mzembe, kazi hiyo unaifanya wewe kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Masikio hufuata siku chache baadaye.

Saa kumi na mbili ni usafi, na hapa mjomba hana masihara kabisa. Anachoogopa ni parvo. Ni kirusi kilichoenea duniani mwaka 1978, kinaharisha mtoto damu mpaka anaisha maji, na kwenye udongo kinakaa miezi, hata mwaka. Sabuni ya kawaida hakiiogopi. Kinachokiua ni dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, baada ya kuondoa kinyesi kwanza, maana juu ya uchafu dawa haifanyi kazi. Mgeni haingii bandani na viatu vyake. Kuna ndoo mlangoni na kandambili za banda. Mwalimu mwenzangu wa BTP alikuja kuona watoto nikamvulisha raba zake mpya, akanuna hadi Ijumaa.

Saa moja kasoro chakula cha mama, kisha nakimbia kengele. Yale makombo ya mama lishe yafuteni kwenye hesabu yenu. Vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu ya mbwa, na mchuzi gani wa Kitanzania hauna kitunguu? Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali. Watasema alikula dona na dagaa, siku nyingine utumbo wa ng'ombe uliochemshwa, na kuanzia watoto walipofika wiki ya tatu alikuwa anakula karibu mara tatu ya kawaida yake. Anti alikuwa ananiangalia ninavyosonga ugali ule anasema, "Mwanangu, hata mjomba wako hali hivyo."

Siku moja jirani alituletea nusu gunia la mahindi bure, yamepata unyevu, yana ukungu wa kijani. "Binadamu hali, ila mbwa atakula." Nilikuwa nishayapokea. Anti ndiye aliyeyarudisha. Ukungu ule hutoa sumukuvu, sumu iliyoua watu zaidi ya 100 Kenya mwaka 2004, na iliyoua watu tena kwetu, Dodoma na Manyara, mwaka 2016. Mbwa ni katika wanyama wanaoumizwa nayo haraka sana, inamla ini. Kinachokatazwa kwenye sufuria ya watu kwenye bakuli la mbwa kinakatazwa mara mbili.

Saa nane na nusu narudi, nasafisha tena, maji tena. Kila baada ya wiki mbili, kuanzia wiki ya pili, dawa ya minyoo kwa watoto pamoja na mama, kwa sababu minyoo ya mbwa hupita tangu tumboni. Hiyo minyoo mtoto wa binadamu akiimeza mayai yake inaweza kusafiri hadi kwenye jicho, kwa hiyo unaposafisha banda unamsafishia na jirani yako. Jioni ni sehemu niliyoipenda, kuwashika. Usiku tena chupa. Nilikonda.

Somo nililolifeli

Tuje kwenye saikolojia, maana kozi hii tumeisoma wote tukalalamika. Ivan Pavlov tunamjua kwa kengele na mate, lakini Nobeli aliyopewa mwaka 1904 ilikuwa ya utafiti wa mmeng'enyo wa chakula. Hayo mengine yalimvutia alipoona mbwa wanatoa mate kabla chakula hakijafika. Mimi nililiona bila maabara. Wiki ya nne nikigonga sufuria tu, sita wamesimama mlangoni.

Ambao hatukufundishwa ni John Paul Scott na John Fuller. Hawa walifanya kazi miaka mingi na watoto wa mbwa huko Bar Harbor, Marekani, na mwaka 1965 wakatoa kitabu. Walichokionyesha ni kwamba mbwa ana kipindi nyeti cha kujifunza jamii yake, takriban wiki ya 3 hadi ya 12. Anachokutana nacho kwa utulivu wakati huo hatakiogopa ukubwani. Asipokutana na binadamu kabisa mpaka wiki ya 14, kumfuga baadaye ni vita.

Mjomba hajasoma kitabu hicho. Lakini karatasi yake ilisema hivi: wiki ya 3, sauti, yaani sufuria, redio, pikipiki. Wiki ya 4, watu, yaani mzee, mtoto, mwenye kofia, mwenye fimbo. Wiki ya 5, mama anakemea, usiingilie. Wiki ya 6, chanjo. Wiki ya 8, kuuza.

Wiki ya tano ndiyo niliyoifeli. Meno ya watoto yameota, Watasema anaumia wakinyonya, anaanza kunguruma na kuwabana chini kwa pua. Wenyewe kwa wenyewe wanang'atana kutwa. Ukiwaangalia utaona darasa linaendelea. Mmoja akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake analia na kuondoka, mchezo umekwisha. Skinner angesema hiyo ni adhabu kwa kuondoa kinachopendwa. Wakirudia mara mia, mtoto anajua meno yake yanauma kiasi gani. Somo hilo binadamu hatulifundishi vizuri. Wanafundishana wao, na linaendelea mpaka wiki ya saba, ya nane.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nadaiwa ada, laki moja na themanini, na tarehe imefika. Baba mmoja kutoka Iyunga akaja na laki mbili mkononi. Nikamwambia bado wiki tatu. Akaniambia, "Mwalimu, mbwa akichukuliwa mdogo ndiyo anamzoea mwenye nyumba." Msemo huu mtausikia kila mahali, hata kwa watu wazima wenye busara zao. Mjomba alikuwa Kasumbalesa, simu haipatikani. Nilichukua pesa. Nikamkabidhi dume mdogo mwenye doa kifuani, hajachanjwa, hana kadi, na jioni ileile nikalipa ada kwa simu. Nilijisikia mjanja sana.

Wiki ya tisa simu ililia nikiwa nasahihisha. Yule mtoto wa mbwa amemng'ata binti wa nyumba, miaka minne, kwenye kiganja, damu imetoka. Siyo kwa hasira, alikuwa anacheza. Alikuwa anacheza kama anavyocheza asiyeambiwa na ndugu zake kwamba inauma. Mbaya zaidi, tangu amefika alikuwa anaachwa nje na mbwa koko wa mtaa, na hakuna aliyejua ameguswa na nani. Ndugu zake nao walikuwa bado hawajafikisha miezi mitatu ya kuchanjwa kichaa, lakini wao walikuwa ndani ya ukuta, tunamjua kila aliyewashika.

Nilipofika walikuwa wanatafuta mafuta ya taa wampake. Hapana. Jeraha la mbwa linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa, siyo kwa kukisia, kisha hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kinaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi Afrika na Asia, na sehemu kubwa ni watoto. Lakini sindano zikiwahi, zinazuia. Binti alianza sindano za awamu. Alilia, na mama yake hakuniangalia usoni.

Mbwa naye lazima aangaliwe siku kumi. Akiwa hai na mzima baada ya hapo, hakuwa na kichaa alipong'ata. Wakamrudisha kwetu. Siku kumi hizo niliamka saa kumi na moja bila kengele, namwangalia kama anakula, kama anameza maji, kama sauti imebadilika. Siku ya kumi iliangukia wiki ya Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo ni siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Mbwa alikuwa mzima. Nilikaa kwenye ngazi ya stoo nikashindwa hata kusimama.

Mjomba alikuwa amerudi kati ya hapo. Sikumwona akikasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Alisimama mbele ya mlango wa stoo akaniuliza, "Hii karatasi uliisoma yote?" Kisha akaenda Iyunga mwenyewe, akarudisha laki mbili, akalipia sindano na nauli.

Hesabu kamili hii hapa, muiweke nyuma ya madaftari yenu. Walizaliwa saba. Mmoja alikufa usiku wa tatu. Mmoja ni wa mwenye dume. Mmoja alirudi, na mjomba amekataa kumuuza kwa mtu yeyote, yupo pale Uyole, anti amempa jina: Ada. Wanne waliuzwa baada ya wiki ya nane, wana kadi, laki mbili na nusu kila mmoja, milioni moja. Chakula kilikula laki tatu na themanini. Chanjo na dawa ya minyoo, laki mbili na elfu kumi. Safari ya kupandisha Ipogolo, elfu tisini. Iyunga, ukiacha ile laki mbili, laki moja na elfu kumi. Imebaki laki mbili na elfu kumi kwa miezi minne ya kazi, bila kuhesabu usingizi wangu. Ile laki mbili ya mnunuzi mjomba alisema ni deni langu mimi.

Chuo kilipofunguliwa nilipanda basi na yule wa mwenye dume, akiwa na miezi mitatu, amechanjwa na kichaa, na nina kibali cha afisa mifugo mfukoni. Konda alitaka kumweka kwenye buti. Tulibishana kuanzia Uyole hadi karibu Igurusi, nikamtajia mpaka Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, akachoka, akaniacha nimweke miguuni kwenye boksi lenye matundu. Alilala hadi Makambako. Mafinga aliamka, mtoto wa abiria wa kiti cha mbele akaingiza kidole kwenye tundu kabla sijamzuia. Moyo ulinipanda kooni. Yule mbwa alikishika kidole kwa meno, polepole, akakiachia, akakilamba.

Nilishuka Ipogolo jioni. Mwenye dume alimfungua mdomo akaangalia meno, akampapasa nyonga, akasoma kadi ukurasa kwa ukurasa. Akaniuliza ana wiki ngapi. Nikamwambia kumi na nne.

Kwenye deni nimeshalipa laki moja na ishirini kutoka kwenye bumu, imebaki elfu themanini. Juzi mjomba amenipigia kutoka Tunduma. Bibi ana mimba, atazaa likizo hii. Nikamuuliza kama ananihitaji. Akasema karatasi ameandika upya, ya kwanza ilikuwa na maandishi madogo.